Mama ana mtoto wa jicho: kwa nini apigwe ultrasaundi ya jicho?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63 na anaumwa kisukari, mwaka wa 14 huu. Jicho la kushoto alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita na analitumia vizuri. La kulia limeingia giza tangu miezi mitano hivi, na ukimtazama unaona mboni imekuwa nyeupe. Tulimpeleka hospitali tukijua atafanyiwa upasuaji kama ule wa kwanza, lakini daktari akasema kwanza apigwe ultrasaundi ya jicho. Majibu yaliandikwa hivi: "Ute wa jicho una vitone vingi vinavyoelea. Kuna utando mnene unaong'aa, umeshikamana na kichwa cha neva ya jicho, mwendo wake ni mdogo. Koroidi haijanyanyuka." Upasuaji ukaahirishwa, tukaandikiwa rufaa. Ndugu wamegawanyika. Wengine wanasema mashine ya wajawazito itaonaje jicho, wengine wanataka tukope pesa akapige MRI, na mama mwenyewe anaogopa kuwa mionzi imemdhuru. Je, kipimo hiki kinaaminika? Na kwa nini wasimtoe tu huyo mtoto wa jicho, mengine yaonekane baadaye? (Binti, Korogwe)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka. Mpelekeni mama kwa daktari bingwa wa retina wiki hii hii, msingoje mavuno wala mwisho wa mwezi. MRI iacheni, hiyo pesa mtaihitaji kwingine. Na aliyeahirisha upasuaji amemtendea mama yako wema, hata kama siku ile mlirudi nyumbani na uchungu.

Sasa nieleze. Retina ni utando mwembamba uliotandikwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, huko nyuma. Ndiyo inayopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya neva ya jicho. Nyuma ya retina iko koroidi, tabaka lililojaa mishipa ya damu ambalo huilisha retina. Nafasi kubwa iliyo mbele ya retina imejaa ute mzito, mwangavu, kama jeli. Siku zote tunatazama retina kwa kupitisha mwanga kwenye mboni. Mtoto wa jicho akishakomaa na kuwa mweupe, mwanga huo haupiti. Damu ikimwagika ndani ya ute, vivyo hivyo. Daktari anabaki amesimama nje ya mlango uliofungwa, na ndani kunaweza kuwa salama au kumeungua, hajui.

Sauti hupita pale mwanga ulipokwama. Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, mawimbi hugonga kila tabaka na kurudi kama mwangwi, na mashine hupima mwangwi umechukua muda gani na umerudi na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo ndugu zako hawajakosea kabisa, hii ni jamaa ya ile mashine ya wajawazito. Tofauti iko kwenye wimbi. La tumboni kwa kawaida hutetema kama mara milioni 3 hadi 5 kwa sekunde, maana linatakiwa lifike mbali. La jicho hutetema kama mara milioni 10. Wimbi la namna hiyo haliendi mbali, ila linatenganisha vitu vidogo zaidi, na jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 23 au 24 tu kutoka mbele hadi nyuma. Halihitaji safari ndefu.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1956, Mundt na Hughes wa Marekani walitumia mwangwi wa mstari mmoja kupima uvimbe ndani ya jicho. Mwaka 1958 Baum na Greenwood wakapata picha yenye upana na kina, lakini mgonjwa ilibidi jicho lake litumbukizwe kwenye maji ili sauti ipite. Mwaka 1972 Bronson akaleta mashine ambayo kichwa chake unakiweka moja kwa moja juu ya kope, kwa jeli kidogo, na tangu hapo kipimo hiki kikaweza kufanyika kwenye kliniki yoyote yenye kitanda na umeme.

Hofu ya mama ya mionzi muondoleeni leo. Hakuna mionzi hapa, ni sauti. Jicho ni kiungo laini, kwa hiyo nguvu ya sauti inayoruhusiwa kwenye jicho ni ndogo kuliko ile ya tumboni, na mashine za hospitali zinazopima viungo vingi zina mpangilio wake maalumu wa jicho ambao mpimaji lazima auchague kabla hajaanza. Hatari ya kweli iko kwingine kabisa: jicho lililopasuka. Mtu aliyerukiwa na kipande cha chuma akichomelea au jiwe akilima, jicho likatoboka, kulikandamiza kwa kichwa cha mashine kunaweza kukamua vya ndani vikatoka nje. Huyo hapimwi kwa haraka haraka. Anafunikwa kwa ngao ngumu isiyogusa jicho, anakimbizwa kwa mpasuaji.

Nikuonyeshe kipimo chenyewe kinavyokwenda, kwa sababu ukikielewa utaelewa yale maneno manne yaliyomo kwenye karatasi ya mama: "mwendo wake ni mdogo".

Mgonjwa analala chali. Napaka jeli kwenye kope iliyofumbwa, au kama anavumilia namwekea matone ya ganzi naweka kichwa cha mashine kwenye weupe wa jicho. Kichwa hicho ni kama kalamu nene. Namwambia, "Mama, tazama juu." Natafuta sehemu ya juu ya retina, nikiwa nimekiweka kichwa upande wa chini. Kisha chini, kisha kulia, kisha kushoto. Halafu naacha mkono wangu utulie na kumwambia, "Zungusha jicho kushoto, kulia, kushoto, sasa simama." Hapo kwenye "simama" ndipo macho yangu yote yanapokuwa kwenye kioo. Jicho limesimama, lakini kilichomo ndani bado kinayumba. Namna kinavyoyumba, na muda kinaochukua kutulia, ndivyo vinavyoniambia ni kitu gani.

Ute wa jicho ukiachia ukuta, jambo linalowapata watu wengi wakizeeka, unaonekana kama uzi mwembamba unaopepea. Hata jicho likisimama, wenyewe unaendelea kuruka kama khanga kuukuu kwenye kamba siku ya kaskazi. Nikipunguza nguvu ya mwangwi kwenye mashine, unafifia na kupotea.

Retina iliyobanduka ni nyingine. Inang'aa, ina mikunjo, na inayumba polepole kama shuka lililolowa. Nikipunguza nguvu ya mwangwi, yenyewe inabaki wakati vingine vimeshatoweka. Na jambo kubwa: haiachi neva. Retina imefungwa kwa nguvu sehemu mbili tu, nyuma pale neva inapoingilia na mbele kwenye duara la ukingo wake. Katikati imeegemea tu. Ndiyo maana ikibanduka yote huchora umbo la faneli, mdomo ukiwa mbele na mkia ukiwa kwenye neva.

Koroidi ikinyanyuka haichori faneli. Inaleta vilima viwili vitatu, laini, vinene, vilivyovimba kuelekea katikati, na havitikisiki jicho linapozunguka. Vilima hivyo kwa kawaida haviifikii neva, kwa sababu koroidi imeshikiliwa na mishipa mikubwa ya damu inayotoboa ganda jeupe kutokea nje, na hapo ndipo kilima hukwama. Hali hii huja zaidi pale presha ya jicho inaposhuka sana, mara nyingi baada ya upasuaji, au damu inapovujia nyuma ya koroidi. Vilima vikikua hadi vikagusana katikati, retina ya upande mmoja inaweza kugandana na ya upande wa pili, na hapo mpasuaji hana nafasi ya kusitasita.

Rudi sasa kwenye karatasi ya mama. "Vitone vingi vinavyoelea" kwa mgonjwa wa kisukari wa miaka 14 mara nyingi ni damu. Kisukari huziba mishipa midogo ya retina, retina yenye njaa huotesha mishipa mipya, na mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu kwenye ute. Pamoja na mishipa hiyo huota nyuzi za kovu. Kovu linapokomaa hujikunja, na linapojikunja huivuta retina kutoka ukutani, kama mtu anavyoinua turubai kwa mti wa katikati. Retina iliyovutwa hivyo imekazwa, haiyumbi kama shuka lililolowa. Utando mnene, unaong'aa, umeshika neva, na mwendo mdogo: mimi nikisoma hivyo kwa mgonjwa wa kisukari, nawaza kwanza retina iliyovutwa na kovu. Koroidi yake, ashukuriwe Mungu, imekaa mahali pake.

Nasema "nawaza kwanza" kwa makusudi, maana umeuliza kama kipimo kinaaminika. Kinaaminika sana mikononi mwa anayekijua. Kosa lake liko hapa: kwa wagonjwa wa kisukari, ute ulioganda na damu ya zamani unaweza kuwa mnene, ukashika kwenye neva, ukang'aa, ukajifanya retina. Picha moja iliyochapwa kwenye karatasi haiwezi kuvitenganisha. Mwendo ndio unaovitenganisha, na mwendo hauchapwi. Pamoja nao kuna ule mwangwi wa mstari mmoja: sauti ikiigonga retina wima kabisa, mstari hupanda hadi juu ya kioo, ilhali utando wa ute kwa kawaida huishia chini zaidi. Kwa hiyo ndiyo, kipimo kirudiwe, lakini kirudiwe na huyo daktari wa retina kwa mkono wake mwenyewe, akimwambia mama azungushe jicho. Msiende kulipia kingine njiani ili tu muwe na karatasi mbili za kulinganisha.

MRI haishindi hapa. Mgonjwa hulala dakika nyingi akiambiwa atulie, na sisi tunachohitaji ni jicho litembee. Nyuzi hizi nyembamba ultrasaundi huziona vizuri zaidi. MRI ina mahali pake, mfano kuangalia kama uvimbe umefuata neva kuelekea ubongoni. Na mtu mwenye kipande cha chuma ndani ya jicho asikaribie MRI kabisa, sumaku itakivuta.

Nisikifanye kipimo hiki kuwa miujiza. Kwa wimbi la jicho, vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban milimita 0.15 vinaonekana kama kimoja. Retina yenyewe ina unene wa kama robo ya milimita. Maana yake ni kwamba ultrasaundi inaiona retina kama mstari, haioni matabaka yake. Maji yaliyojaa katikati ya retina ya mgonjwa wa kisukari, vimishipa vilivyoziba, vijidoa vya uzee, hivyo vinahitaji OCT (picha ya matabaka ya retina inayopigwa kwa mwanga) au picha ya mishipa kwa sindano ya rangi, na vyote viwili vinahitaji njia ya mwanga iwe wazi.

Uliuliza kwa nini wasimtoe tu mtoto wa jicho. Yapo mambo mawili. La kwanza ni la kibinadamu. Nimewahi kumpokea mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mahali fulani bila mtu kuangalia nyuma. Upasuaji ulikuwa safi, lenzi imekaa sawasawa, na mzee hakuona kitu, kwa sababu retina ilikuwa imejikunja kitambo. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya siku ile. Aliniuliza, "Daktari, wamenitoa nini basi?" Sijasahau sauti yake. La pili ni la kitaalamu. Kama retina imevutwa, mpasuaji wa retina anaweza kutoa mtoto wa jicho, kunyonya ute wenye damu, kukata nyuzi za kovu na kuilaza retina kwa safari moja. Hata nguvu ya lenzi ya kuweka hupimwa kwa urefu wa jicho, na jicho kama lake ambalo mwanga haupenyi hupimwa kwa sauti hii hii. Retina ikiwa imesogea mbele, urefu unaweza kusomeka mfupi kuliko ulivyo. Kosa la milimita moja linaweza kumbadilishia miwani kwa namba 2.5 au 3. Na akiwekewa mafuta ya silikoni, yale yanayojazwa ndani ya jicho kuishikilia retina, muwaambie wote watakaompima baadaye: sauti husafiri polepole ndani ya mafuta hayo, kama mita 980 kwa sekunde badala ya 1,532 za kwenye ute, na mashine isiyoambiwa italiona jicho kuwa refu kupita kiasi.

Leo jioni fanya kipimo kidogo nyumbani, kisha umweleze daktari ulichokiona. Zima taa, mfunike mama jicho la kushoto kwa kiganja, usiache hata upenyo. Mulika la kulia kwa tochi ukitokea juu, kisha chini, kisha pande zote mbili, na kila mara muulize mwanga unatoka wapi. Mtoto wa jicho peke yake, hata akikomaa namna gani, hamzuii mtu kujua upande mwanga unakotoka. Akikosea upande mmoja, au asipoona mwanga kabisa, hilo ni neno zito kuhusu retina yake, na ni zito pia kuhusu matumaini ya upasuaji. Mwombeni daktari awaambie wazi anategemea nini. Jicho lililovutwa kwa miezi mitano linaweza kurudishiwa mwanga wa kutembea nyumbani bila kurudishiwa kusoma, na ni haki yenu kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kwa kuwa wengine wanaosoma hapa hawana kisukari, niguse machache. Koroidi inaweza kunenepa yote kwa pamoja bila kunyanyuka. Mtu akija na macho yote mawili yamefifia ndani ya siku chache, kichwa kinauma, masikio yanavuma, nauwaza ule ugonjwa wa macho unaoitwa kwa majina ya Vogt, Koyanagi na Harada, na ultrasaundi hunionyesha koroidi nene na maji chini ya retina. Akija na jicho moja linalouma sana kila akilisogeza, naangalia nyuma ya ganda jeupe. Maji yakijaa pale na kukutana na kivuli cha neva, huchora herufi T, dalili ya ganda lenyewe kuwa na uvimbe. Mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, akilalamika kuona kivuli, apimwe bila kuchelewa, maana koroidi ina damu nyingi na saratani hupenda kutua hapo. Melanoma ya koroidi kwetu watu weusi ni nadra, lakini ipo. Kwenye kioo ndani yake huwa na giza, na ikishapasua utando ulio juu yake huchukua umbo la uyoga. Kimo chake hupimwa kwa milimita, na matibabu hutegemea kimo hicho.

Na mtoto mdogo mwenye mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, au jicho lililoanza kwenda upande, huyo simwachi arudi nyumbani bila kipimo. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa anaweza kuwa hivyo, lakini retinoblastoma nayo inaweza kuwa hivyo, na hii ni saratani inayoua mtoto ikicheleweshwa, ilhali ikiwahiwa inapona. Kwenye ultrasaundi tunatafuta uvimbe wenye punje za chokaa: zinang'aa sana hata nguvu ya mwangwi ikipunguzwa, na nyuma yake kunabaki kivuli cheusi. Wengi huugua kabla ya kufika miaka mitano. Tafadhalini, msimpeleke kwa mganga kwanza.

Kwako binti, neno ambalo hukuliuliza. Barua yako yote ni ya jicho la kulia. Mimi usiku huu nawaza la kushoto. Lina mwili uleule wenye kisukari cha miaka 14, na kuona vizuri hakumaanishi retina ni nzima. Mishipa mibovu huota kimyakimya, haiumi, hadi siku inapomwaga damu. Njia ya mwanga kwenye jicho hilo iko wazi, kwa hiyo linaweza kuchunguzwa sawasawa na, likihitaji, kutibiwa kwa miale ya leza au sindano kabla halijafika lilikofika mwenzake. Mkifika kwenye hospitali ya rufaa, iwe KCMC, Muhimbili au mlikoandikiwa, msitoke kabla jicho la kushoto halijawekewa dawa ya kupanua mboni na kutazamwa hadi pembeni. Bebeni daftari la sukari na la presha, dawa zake zote kwenye mfuko, na ile karatasi ya ultrasaundi. Dawa ya mboni itamfifishia uoni kwa saa kadhaa na jicho jingine halimsaidii, basi asisafiri peke yake. Mshike mkono hadi ndani ya basi, na umtafutie kofia ya kukinga jua.